Mchakato Umeganda Baada ya Kerneli Mpya? Uulize Kwanza Unasubiri Nini

Seva ya Linux imewashwa upya saa nane usiku na imerudi na kerneli mpya, kile kiini cha mfumo kinachosimamia diski, kumbukumbu na mtandao. `ping` inajibu, SSH inaingia, `systemctl status` imeandika `active (running)` kwa kijani. Ila huduma yenyewe haisemi na mtu. Mteja wa Rongai analipa kwa M-Pesa, pesa zinatoka kwenye simu yake, taarifa ya malipo inafika kwenye poti 8080 na kukaa hapo bila wa kuipokea. Logi ya programu haina kosa lolote, maana programu haijafa. Imeganda tu.

Mkono hukimbilia `systemctl restart`. Uzuie. Mchakato (programu ikiwa kazini) ulioganda umebeba ushahidi wa kilichouzuia, na ukiuua ushahidi unakwenda nao. Kama kosa liko ndani ya kerneli, litarudi mwisho wa mwezi saa kumi na mbili jioni, wakati kila mtu analipa. Dakika tano za kukusanya ushahidi zinatosha. Kama huduma lazima irudi sasa hivi na una seva ya pili, hamishia wateja huko, hii iliyoganda uiache ilivyo.

Kwanza: ni kerneli kweli, au ni kule kuwashwa upya?

Kifurushi cha kerneli kikisakinishwa hakianzi kazi. Kinakaa kwenye `/boot` kikingoja seva iwashwe. Kwenye Ubuntu, masasisho ya kujiendesha husakinishwa na `apt-daily-upgrade.timer`, ambayo huamka saa 6:00 kwa saa ya seva na kujichelewesha kwa bahati nasibu hadi dakika 60. Seva zilizoachwa kwenye UTC hufanya hivyo kati ya saa tatu na saa nne asubuhi ya Nairobi, katikati ya kazi. Na usipobadilisha mpangilio, haziwashwi upya zenyewe. Kwa hivyo kerneli inaweza kulala pale wiki sita, mpaka stima ipotee Industrial Area, UPS iishe kabla jenereta haijashika, na seva ijiwashe. Hapo kila mtu wa zamu ataapa kuwa hakuna aliyebadilisha kitu, na atakuwa anasema kweli.

```
uname -r
journalctl --list-boots
last -x reboot | head -5
grep -B3 -A3 linux-image /var/log/apt/history.log
```

Faili za zamani za `history.log` zimebanwa, zisome kwa `zgrep`. Kwenye jamii ya Red Hat tumia `dnf history` na `rpm -qa --last 'kernel*'`. Chunga saa: logi ya UTC iko nyuma yetu kwa saa 3. Palipoandikwa 23:10 ni saa nane na dakika kumi usiku hapa, na tarehe yake ni ya jana. Watu hulinganisha logi na daftari la zamu bila kukumbuka hili, wakalaumu tukio lisilohusika.

Kuwashwa upya peke yake hufuta mengi: `sysctl -w` ambayo haikuandikwa kwenye `/etc/sysctl.d`, saraka iliyopachikwa (mount) kwa mkono bila kuwekwa kwenye `/etc/fstab`, sheria za fayawoli ambazo hazikuhifadhiwa, moduli iliyopakiwa kwa `modprobe` miaka miwili iliyopita na mtu aliyekwisha hama kazi. Yote haya huonekana kama kosa la kerneli mpya, na hayahusiani nayo. Kama saraka ya `/var/log/journal` ipo, unaweza kulinganisha mara mbili za kuwashwa:

```
journalctl -k -b -1 -o cat > zamani.txt
journalctl -k -b 0  -o cat > sasa.txt
diff zamani.txt sasa.txt | less
```

Tafuta kiendeshi (driver) kilichokuwepo na sasa hakipo, jina la kadi ya mtandao lililobadilika, au diski iliyochelewa kutokea.

Herufi moja inayogawa njia

```
ps -Lp 4127 -o tid,stat,pcpu,wchan:32,comm
```

Weka namba ya mchakato wako badala ya 4127. Herufi yenyewe iko mwanzo wa safu ya STAT. `-L` ni muhimu: programu ya nyuzi (thread) 60 inaweza kuwa na uzi mmoja tu uliokwama huku mingine ikiungoja. Rudia amri mara tatu, ukiacha sekunde 10 kati yake. Uzi unaopita kwenye D kwa kufumba na kufumbua ni jambo la kawaida, lakini ukiwa na D na `wchan` (mahali ulipolala ndani ya kerneli) ileile mara zote tatu, huo ndio wako.

D ina maana uzi umelala ndani ya kerneli, hauamshwi kwa ishara kama ya `kill`. S ni usingizi wa kawaida, unasubiri tukio. R unakimbia au uko foleni ya CPU. T au t umesimamishwa, mara nyingi na mtu aliyeacha `gdb` au `strace` imeshikilia; muulize mwenzako kabla ya kuendelea. Z umekufa na mzazi wake hajaukusanya, kwa hivyo mtafute mzazi.

Ukiona D

Huku ndiko kerneli mpya huonyesha makucha, kwa hivyo tukae kidogo.

`kill -9` haisaidii kwa sababu ishara hushughulikiwa mchakato unapoamka, na huu hauamki. Kuirudia mara kumi hakuongezi kitu. Utaona pia mzigo wa seva uko 48 huku CPU imetulia kwa asilimia 97. Hakuna kazi inayofanyika hapo: Linux huhesabu michakato ya D ndani ya wastani wa mzigo.

Baada ya sekunde 120 kerneli yenyewe hulalamika:

```
INFO: task java:4127 blocked for more than 120 seconds.
```

Ujumbe huu hutolewa mara 10 tu kwa mpangilio wa kawaida (`kernel.hung_task_warnings`), kisha kimya. Kimya hicho kisikudanganye kuwa mambo yamepona. Usingoje ujumbe, itishe staki (mlolongo wa kazi zilizoitana mpaka hapo) za wote waliokwama:

```
echo w | sudo tee /proc/sysrq-trigger
sudo dmesg -T > /root/ushahidi-w.txt
sudo cat /proc/4127/task/*/stack
```

Staki husomwa kutoka chini kwenda juu: chini ni ombi la programu, juu ni mahali lilipokwama. Huu ni mfano, namba zimeondolewa:

```
rpc_wait_bit_killable
__rpc_execute
rpc_execute
rpc_run_task
nfs4_do_call_sync
nfs4_proc_getattr
__nfs_revalidate_inode
nfs_getattr
```

Programu iliuliza habari za faili (`getattr`), faili liko NFS (hifadhi ya seva nyingine inayotumika kupitia mtandao), ombi limetumwa kwa seva ya faili, na jibu halijarudi. Hakuna haja ya kusoma msimbo wa programu yako hata mstari mmoja. Nenda kwenye seva ya faili. Jaribu `nc -zv` kwenye poti 2049, kisha angalia kwa `nfsstat -m` toleo la itifaki lililokubaliwa. Kerneli mpya inaweza kukubaliana na seva juu ya toleo tofauti na lile la zamani; jaribu kulifunga kwa `vers=4.1` kwenye chaguo za upachikaji na uone kama hali inabadilika. Neno `killable` kwenye jina la juu ni habari njema: hapa `kill -9` inafanya kazi, tofauti na D nyingine. `df` tupu nayo itaganda kwenye upachikaji huohuo, kwa hivyo iandike `timeout 5 df`. Na usishawishike kugeuza upachikaji kuwa `soft` ili kuondoa tatizo. Ukifanya hivyo, muda ukiisha programu hupewa kosa katikati ya kuandika, na si programu zote zinazolishughulikia. Data huharibika kimyakimya.

Staki ikiishia kwenye `fanotify_handle_event` au `fanotify_get_response`, mshukiwa ni programu ya usalama: antivirusi au ajenti wa ulinzi ambaye huombwa ruhusa kila faili linapofunguliwa. Ajenti akishindwa kuelewana na kerneli mpya na asijibu, kila anayefungua faili analala. Hii ndiyo hali inayotisha kuliko zote, kwa sababu `cat`, `sudo`, hata kuingia kwa SSH huganda. Kama una dirisha moja la root lililo wazi, usilifunge kwa hali yoyote. Simamisha mchakato wa ajenti. Faili lake la fanotify likifungwa, kerneli huruhusu maombi yote yaliyokuwa yakingoja na seva nzima inaamka mara moja. Kuamka huko ndiko uthibitisho wako. Kisha angalia orodha ya kerneli ambazo mtengenezaji wa ajenti anasema anaziunga mkono, na usimrudishe ajenti mpaka yako iwemo.

Ukiona `io_schedule`, `blk_mq_get_tag` au `jbd2_log_wait_commit`, ni diski, au kitu kinachojifanya diski. Tahadhari na hiyo ya `jbd2`: ni mwathiriwa. Michakato ishirini itaonekana imekwama hapo kwa sababu inangoja jarida la ext4 (mfumo wa faili wa diski) liandikwe, na jarida linangoja diski. Tafuta uzi uliokwama kwanza kwa saa ya `dmesg`, si ule uliojaa zaidi. Kisha fanya hivi:

```
cat /sys/block/vda/inflight
iostat -x 1 5
```

`inflight` inatoa namba mbili, maombi ya kusoma na ya kuandika yaliyo njiani. Ikibaki, tuseme, 0 na 32 bila kusogea, huku `iostat` ikionyesha `w/s` ni sifuri, maombi 32 yameingia kwenye kiendeshi na hayajatoka. Kwenye NVMe tafuta `timeout, aborting` ndani ya `dmesg`. Kwenye hifadhi ya njia nyingi, `multipath -ll`: kama njia zote zimeanguka na `queue_if_no_path` imewashwa, kerneli imeagizwa kusubiri milele, nayo inatii. Ukitoka kerneli ya zamani kabisa, kumbuka kuwa ratiba za diski za `noop`, `deadline` na `cfq` ziliondolewa toleo la 5.0, mwaka 2019. Mpangilio wako wa `elevator=deadline` haufanyi kitu tena; angalia `/sys/block/vda/queue/scheduler` uone unayotumia kweli.

Hifadhidata ya MariaDB inastahili kutajwa peke yake. Kuanzia 10.6 inaweza kutumia io_uring (njia ya kerneli ya kusoma na kuandika bila kusubiri) kwa kazi za diski, na kerneli za kati ya 5.11 na 5.15 zilikuwa na kasoro iliyoweza kuigandisha. Matoleo ya baadaye ya MariaDB huzima njia hiyo yenyewe yakitambua kerneli iliyo hatarini. Kujaribu ni mstari mmoja kwenye mpangilio, `innodb_use_native_aio=OFF`, na kuanzisha hifadhidata upya. Pia kuna kivuli cha uongo: baadhi ya kerneli tangu mwaka 2023 huonyesha `iowait` ya asilimia 100 kwenye CPU moja wakati MariaDB imekaa bure kabisa. Hiyo ni hesabu tu. Kama maswali yanajibiwa, iache.

Ya mwisho kwenye D ni `mem_cgroup_handle_over_high`. Faili la huduma la systemd linaweza kuwa na `MemoryHigh=512M` iliyoandikwa zamani na isiyofanya kazi, kwa kuwa kipimo hicho hufuatwa kwenye cgroup v2 (toleo la pili la mfumo wa kerneli wa kugawia huduma RAM na CPU) pekee. Ukipandisha mfumo mzima pamoja na kerneli (Debian 11 na Ubuntu 21.10 ndizo zilizohamia v2), kikomo kinaamka ghafla na mchakato unabanwa mpaka unaonekana umekufa. Soma `memory.events` ya huduma:

```
cat /sys/fs/cgroup/system.slice/malipo.service/memory.events
```

Namba ya `high` ikipanda kila ukisoma, umeshampata. Uhamiaji huohuo huipiga Java ya zamani: matoleo kabla ya 8u372 na 11.0.16 hayasomi vikomo vya cgroup v2, kwa hivyo hujipangia RAM kwa kuangalia mashine nzima.

Ukiona S

Hapa kerneli kwa kawaida haina hatia, ila inakuonyesha mwenye hatia. Usikimbilie `strace` kwenye huduma iliyolemewa, inaongeza uzito. Anza na faili hili:

```
$ sudo cat /proc/4127/task/4155/syscall
0 0x1b 0x7f3c5c01e2f0 0x2000 0x0 0x0 0x0 0x7f3c4a7fe0a8 0x7f3c8d31a7dc
```

Namba ya kwanza ni wito wa mfumo. Kwenye x86-64, 0 ni `read`, 42 ni `connect`, 202 ni `futex`, 232 ni `epoll_wait`, 318 ni `getrandom`. Hapa ni `read`, na namba ya pili ni faili linalosomwa: 0x1b, yaani 27.

```
$ sudo readlink /proc/4127/fd/27
socket:[88213]
$ sudo ss -tnpe | grep 88213
```

Mstari utakaotoka utakupa anwani ya upande wa pili. Tuseme ni 10.20.0.15:5432. Programu inangoja PostgreSQL. Safu mbili baada ya ile ya hali, Recv-Q (data iliyofika na haijasomwa) na Send-Q (data iliyotumwa na haijathibitishwa kufika), zinamaliza hadithi.

Zote zikiwa sifuri, swali lilifika na jibu halijaja. Nenda kwenye hifadhidata ukaangalie kufuli. Au, na hili husahaulika, hifadhidata ndiyo iliyowashwa upya, si seva hii. Mashine iliyokatikiwa umeme haiagi. Upande huu unaendelea kuamini muunganisho uko hai. Kama programu haikuomba keepalive (kubisha hodi kuona kama upande wa pili uko hai), itangoja milele. Kama iliomba, kipimo cha kawaida cha Linux ni sekunde 7200, saa 2 nzima kabla ya kubisha hodi mara ya kwanza. `ss -to` inaonyesha saa hiyo ikihesabu kurudi nyuma. Kwa hivyo ukiambiwa "tumepandisha kerneli ya seva ya data na sasa seva ya programu imeganda", huna haja ya kutafuta mchawi: anzisha programu upya, kisha ushushe muda wa keepalive kwenye viunganishi vyake, sekunde 60 au karibu na hapo.

Send-Q ikiwa na namba isiyoshuka, data inatoka na haifiki. Maombi madogo yanapita, makubwa yanakwama. Kuingia kwenye hifadhidata kunafaulu na swali refu linaganda. Pima:

```
ping -M do -s 1472 10.20.0.15
ping -M do -s 1400 10.20.0.15
```

Ya kwanza ikishindwa na ya pili ikapita, kuna njia yenye MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ndogo kuliko 1500, kwa kawaida VPN au mtandao pepe. Zote zikipita, shuku kiendeshi kipya cha kadi: zima kwa muda `ethtool -K eth0 tso off gso off gro off`. Amri hii haibaki baada ya kuwasha upya, na kwa jaribio hilo ni jambo zuri.

Uzi uliokaa kwenye `epoll_wait` huenda hauna tatizo lolote; unangoja kazi. Swali ni kama kazi inaufikia. `ss -ltn` kwenye poti inayosikiliza huonyesha kitu tofauti: Recv-Q ni wangapi wako foleni, Send-Q ni ukubwa wa foleni. Hapa pana mabadiliko ya kerneli yanayogeuza sura ya tatizo la zamani. Hadi 5.3, `net.core.somaxconn` ilikuwa 128, tangu 5.4 ni 4096. Nginx huomba foleni ya 511, hivyo kwenye kerneli ya zamani ilikatwa hadi 128 na kwenye mpya inapata 511 yote. Programu iliyolemewa zamani ilidondosha watu mapema, sasa inawapanga foleni ndefu. Mtumiaji anaiita kuganda. Kulemewa kwa programu ni kulekule kwa kabla.

`futex` ina maana uzi unangoja uzi mwenzake. Kwa Java, `jstack -l 4127` mara tatu. Kwa Python, `py-spy dump --pid 4127`. Mara nyingi utakuta kufuli lina mwenyewe, naye amekwama kwenye `read` kama hapo juu, na unarudi kwenye soketi. Lakini ukikuta nyuzi zote zinangoja kufuli ambalo halijashikwa na yeyote, na mchakato ukazinduka ghafla ukiushikia `strace`, hiyo ni dalili ya ishara ya kuamsha iliyopotea ndani ya kerneli yenyewe. Imewahi kutokea: kasoro ya futex iliyoingia kwenye kerneli 3.14 na kurekebishwa Oktoba 2014 ilinakiliwa pia kwenye kerneli za RHEL 6.6, ikagandisha programu za Java hasa kwenye vichakataji vya Haswell. Ni nadra mno. Ithibitishe kwa `jstack` kabla ya kuitaja kwenye kikao.

`getrandom` utaikuta kwenye mashine pepe mara tu baada ya kuwaka, huduma ikingoja bahati nasibu ya kutengeneza funguo. Ilisumbua kerneli za kuanzia 4.17, tangu 5.4 kerneli hujizalishia yenyewe. Kama bado uko kati ya hizo mbili, omba mwenye mashine akuongezee virtio-rng (kifaa pepe cha kuleta bahati nasibu).

Ukiona R

Tenganisha kwanza `us` na `sy` kwenye `top`. Kama CPU inaliwa na `us`, programu inazunguka yenyewe. Kama ni `sy`, yaani kerneli, fungua `perf top`. Kwenye Ubuntu itagoma kwa sababu `perf` hufungwa na toleo la kerneli. Sakinisha `linux-tools-$(uname -r)`.

Angalia saa ya mashine:

```
cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource
dmesg | grep -i clocksource
```

Kama ilikuwa `tsc` na sasa ni `hpet` au `acpi_pm`, kerneli imeona TSC (saa iliyo ndani ya CPU) haiaminiki ikaitupa. Kuanzia hapo kila programu ikiuliza saa ni lazima iingie kwenye kerneli, na hifadhidata huuliza mara nyingi sana. Haijaganda kwa maana halisi, ila mteja hataona tofauti.

Ujumbe wa `watchdog: BUG: soft lockup - CPU#3 stuck for 22s!` kwenye VPS (seva pepe ya kukodi) ya bei nafuu usiusome haraka kama kosa la kerneli yako. Angalia safu ya `st` kwenye `vmstat 1`. Ikiwa kubwa, CPU yako imeibwa na majirani kwenye mashine mama, na kerneli yako ililala bila kujua.

Jaribio linaloamua: rudi kerneli ya zamani

Hakikisha kwanza una konsoli ya mbali (ya mtoa huduma, IPMI au VNC), na kwamba inafunguka. Kuendesha gari hadi kituo cha data Mombasa Road saa kumi alfajiri kwa sababu ya herufi moja kwenye GRUB (programu inayochagua kerneli ya kuwasha) ni adhabu inayoepukika. Weka `GRUB_DEFAULT=saved` kwenye `/etc/default/grub`, endesha `update-grub`, kisha:

```
ls /boot/vmlinuz-*
sudo grub-reboot "Advanced options for Ubuntu>Ubuntu, with Linux 5.15.0-113-generic"
sudo reboot
```

Hiyo ni kwa mara moja tu. Kuwasha kunakofuata kunarudi kerneli mpya. Isipokuwa `/boot` iwe juu ya LVM: GRUB haiwezi kuandika huko, kwa hivyo chaguo hubaki mpaka ulifute kwa `grub-editenv - unset next_entry`. Kwenye jamii ya Red Hat ni `grubby --info=ALL`, halafu `grubby --set-default` na njia ya vmlinuz, na hiyo ni ya kudumu.

Kerneli ya zamani ikiganda pia, kerneli mpya haina kosa. Rudi kwenye vilivyopotea kwa kuwashwa upya. Ikipita, usitangaze ushindi kwa jaribio moja. Rudia angalau mara mbili kila upande, kwa sababu kasoro za kukimbizana (race condition) hupotea zikitaka. Kisha uliza kama ni kerneli au ni moduli iliyopachikwa ndani yake:

```
dkms status
cat /proc/sys/kernel/tainted
```

`dkms` hujenga moduli za nje upya kwa kila kerneli; `status` yake lazima ionyeshe `installed` mbele ya toleo jipya lenyewe, si la zamani tu. Namba ya pili ni jumla: 1 ni moduli ya leseni funge, 4096 ni moduli kutoka nje ya kerneli, 8192 ni isiyo na saini. Ukiona 12289, una zote tatu. Ondoa moduli hiyo, jaribu tena, kabla ya kumwandikia mtu yeyote wa kerneli. Wakiona namba hiyo watakuuliza swali hilohilo.

Ukithibitisha, shikilia vifurushi vikuu vya kerneli visilete toleo jingine:

```
sudo apt-mark hold linux-image-generic linux-headers-generic
```

Ukishashikilia, marekebisho ya usalama ya kerneli nayo yamesimama. Andika tarehe ya kuachilia kwenye kalenda ya timu siku hiyohiyo, na uangalie kabla ya kila `apt autoremove` kuwa kerneli inayofanya kazi haimo kwenye orodha ya kufutwa.

Ripoti ya kasoro ina vitu vinne: `uname -r` ya kerneli nzuri na ya mbaya, faili la `ushahidi-w.txt`, namba ya `tainted`, na hatua za kuirudia. Kwenye Ubuntu, `ubuntu-bug linux` hukusanya mengi ya hayo. Kabla ya kutuma, pitia faili la logi utoe anwani za ndani na namba za simu za wateja. Programu za malipo huziandika kwenye logi kuliko mnavyodhani.